Mechi Yetu Nayo Ina Matokeo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni msomaji wa gazeti hili wa miaka mingi, na kama wasomaji wengi wa huku kwetu Mwanza, nalifungua kwa nyuma. Naanza na msimamo wa ligi, nasoma Pamba Jiji wamefanya nini, naingia kwenye za usajili, siasa baadaye kama chai bado ipo kikombeni. Kwa hiyo nikilalamikia kurasa za michezo, ujue anayelalamika ni mtu anayezisoma mpaka matokeo ya ligi ya mkoa.

Malalamiko yenyewe ni haya. Mwezi uliopita tulicheza mechi ya soka la wenye ulemavu hapa Igoma, sisi na wenzetu kutoka Geita. Alikuja mwandishi, chombo chake sitakitaja. Kijana mstaarabu, alisalimia kila mtu, akapiga picha nyingi. Alipiga picha magongo yaliyolazwa pembeni ya uwanja. Akapiga kigutu cha mshambuliaji wetu kwa karibu sana, akamwuliza mguu ulikatika vipi, na mke je, alibaki au aliondoka. Maswali hayo hayo alimwuliza kila aliyemkuta. Halafu, kipindi cha pili ndiyo kwanza kinaanza, akapanda bodaboda akaenda zake. Habari ilipotoka iliwekwa kwenye kurasa za jamii, ikisema tumeonyesha kwamba ulemavu si mwisho wa maisha. Matokeo hayakuwemo.

Tulifungwa 3-1, Mhariri.

Watu wa Geita walitoka kwao alfajiri, wakapita daraja la Kigongo-Busisi ambalo limewaondolea adha ya kusubiri kivuko, wakafika, wakatufunga mabao matatu safi, wakarudi bila hata mstari mmoja gazetini wa kusema wameshinda. Mimi ndiye niliyekuwa golini, kwa hiyo kama kuna mtu angefurahi ile 3 ifichwe, ni mimi. Nami nasema ingeandikwa. Tena ingeandikwa kwamba bao la pili lilimpita beki wetu wa kushoto akiwa amesimama kumtazama mpigaji, na wala hakulipa kiingilio.

Nijitambulishe kidogo. Nina miaka 38, naishi Igoma, nina mke na watoto, na kibanda cha kutuma na kutoa fedha karibu na kituo cha daladala. Zamani niliendesha mashine ya kusaga dagaa wa chakula cha kuku. Mkanda ulinasa mkono wa shati, na mkono wangu wa kushoto sasa unaishia chini kidogo ya kiwiko. Mimi na mwenye mashine tuna maneno yetu, hayahusu ukurasa huu.

Baada ya kutoka hospitali nilivaa mikono mirefu tu, hata kwenye jua kali, ule wa kushoto nimeukunja na kuubana kwa pini. Siku moja niko stendi ya Nyegezi nasubiri mzigo, kijana wa mguu mmoja akasimama mbele yangu, ameegemea magongo, macho yote kwenye pini yangu. Nikajua ananihurumia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Samahani kaka, huo mkono umekatwa juu ya kiwiko au chini?"

"Chini."

"Na miguu yote mizima?"

"Mizima."

"Safi sana! Sisi hatuna kipa."

Sijui kama wewe umewahi kuambiwa "safi sana" kwa ajili ya kiungo kilichokatwa. Mimi ilikuwa mara ya kwanza, na mpaka leo hakuna mwingine aliyeniambia. Jumamosi yake nikaenda kuangalia. Jezi waliyonipa ilikuwa ya mikono mifupi, hakuna pini ya kubania chochote.

Kijana yule alikuwa na sababu ya kufurahi. Kanuni za mchezo huu zinataka wachezaji wa ndani wawe na mguu mmoja na wacheze kwa magongo, miguu ya bandia inavuliwa na kuachwa nje. Kipa anatakiwa awe na miguu yote miwili na mkono mmoja. Watu wa miguu wanapatikana, bodaboda na kisukari vimewajaza mtaani. Wa mikono ni wachache, na wengi wetu tumejificha ndani ya mikono mirefu. Timu nzima ni watu 7 uwanjani, kipa akiwemo. Kila kipindi ni dakika 25. Hakuna kuotea, hakuna kuteleza kumnyang'anya mtu mpira, na mpira ukitoka pembeni unaingizwa kwa mguu. Goli lina upana wa mita 5 na urefu wa mita 2.2, na kipa haruhusiwi kutoka kwenye eneo lake. Mchezaji akiucheza mpira kwa gongo makusudi, hiyo ni sawa na kuushika. Haya yote, Mhariri, mwandishi anayajua kwa muda wa kunywa soda moja. Yule wa mwezi uliopita aliuliza watu wangapi wameachika.

Angeuliza mpira, ningemweleza mambo. Ningemweleza kwamba kipa wa mkono wa kulia peke yake ana upande wa kufia, nao ni wa kushoto. Mpira ukienda kushoto inabidi huo huo mkono wa kulia uvuke kifua kuufuata, na hapo umeshapoteza karibu urefu wa mkono mzima. Wapigaji wote wanalijua hilo. Kwa hiyo mimi sisimami katikati ya goli, nasogea hatua moja kushoto, naacha kulia pana kidogo, kwa sababu kulia najiamini. Mshambuliaji mjinga anauona ule uwazi na kunipigia huko huko ninakotaka. Namba 10 wa Geita si mjinga. Aliutazama uwazi wa kulia, akanichekea, akapiga kushoto chini kabisa, kwenye kona. Lilikuwa bao la tatu. Mpaka leo likinijia namsifu, ingawa mbele ya wenzangu nilimlaumu beki.

Kuna jambo jingine ambalo hata daktari alinieleza ni la kawaida: ubongo bado unautafuta mkono uliokatwa. Mpira ukija kushoto, mkono usiokuwepo ndio unaotangulia. Nausikia kabisa, vidole vinafunguka. Mazoezi ya mwanzo nilikuwa nauachia huo uudake, na mpira unapita. Na kuanguka nako kuna somo lake. Ukiangukia kigutu, maumivu yanapanda mpaka kwenye meno. Mwenzetu mmoja aliyewahi kucheza judo alinifundisha kukibana kigutu tumboni na kutua kwa nyuma ya bega, kisha kubingirika. Mke wangu alinikuta najifunza sebuleni juu ya godoro akadhani nimepandisha mashetani.

Na glovu. Hii ndiyo habari iliyompita mwandishi hivi hivi. Glovu za kipa zinauzwa jozi, na hakuna muuza duka wa Mwanza atakayekukatia moja. Kipa wa Geita amekatwa mkono wa kulia. Kwa hiyo tunachanga, tunanunua jozi moja, mimi nachukua ya kulia, yeye ya kushoto. Mikono yake ni mikubwa na yeye ndiye huchagua saizi, ndiyo maana yangu inapwaya. Siku ile magoli yote mawili yalilindwa na jozi moja ya glovu. Kufunga ule mkanda wake wa kunata natumia meno, na kamba za njumu nazifunga kwa mkono mmoja na kidole gumba cha mguu wa pili. Ukitaka picha nzuri, hiyo hapo, tena ya bure.

Wa mbele nao wana mambo yao. Wanatumia magongo mafupi ya kuvaa kwenye kigasha, maana yale ya kwapani yanabana mishipa na mkono unakufa ganzi. Mtazame anayepiga mpira: dakika ile hana mguu chini, mwili wote uko juu ya viganja viwili, na gongo moja likiteleza ameanguka kifudifudi. Kwenye uwanja wetu wa changarawe raba za chini ya magongo huisha haraka, chuma kinabaki kitupu, na chuma kwenye changarawe kavu hakishiki. Fundi viatu wa hapa jirani hutukatia vipande vya tairi kuukuu, anavibandika kwa gundi na kuvipigilia msumari mfupi. Vinadumu kuliko vya dukani, ila vizito. Malengelenge yanatoka kati ya gumba na kidole cha shahada, yanapasuka, yanakuwa sugu. Winga wetu kiganja chake unaweza kukiwashia kiberiti.

Tena kufika uwanjani ni mazoezi tosha. Mji wetu wanausifu kwa mawe, na mawe ni mazuri kwenye kalenda. Beki wetu mmoja anaishi Mabatini, kule juu. Anashuka ngazi za mawe kwa magongo mpaka barabarani, na daladala ya kwanza inampita, ya pili inampita, kwa kuwa konda akiona magongo anapiga hesabu ya muda. Bajaji ingemfaa, lakini nauli yake kwa wiki ni debe la mahindi. Akichelewa mazoezini hatumtozi faini. Ni yule yule wa bao la pili, lakini hilo ni lingine.

Nisingekuandikia yote haya kama mchezo wetu ungekuwa wa kujifurahisha tu mtaani. Timu ya taifa ya soka la wenye ulemavu, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022 kule Istanbul. Taifa Stars, ambayo tunaipenda na inatuliza kila mwaka, haijawahi kukanyaga Kombe la Dunia hata mara moja. Mwaka mmoja kabla ya hapo Kombe la Afrika la mchezo huu lilichezwa Dar es Salaam. Kule Istanbul fainali Uturuki waliwafunga Angola 4-1, na hao Angola ndio waliokuwa mabingwa wa 2018 nchini Mexico, maana yake Afrika imeshalibeba. Nenda pale Mwaloni Kirumba asubuhi, waulize wapenzi wa mpira majina mawili tu ya wachezaji wa Tembo Warriors. Watakutajia kikosi cha akiba cha Arsenal.

Mchezo wenyewe ulianzia Marekani, mjini Seattle. Bwana mmoja anaitwa Don Bennett, aliyepoteza mguu katika ajali ya boti, mwaka 1980 aliupiga mpira wa kikapu kwa mguu wake mmoja huku ameshikilia magongo, akaona kumbe inawezekana. Kijana wetu mmoja aliyepoteza mguu ziwani huipenda sana hadithi hiyo kwa sababu ya boti. Mimi naipenda kwa sababu Bennett hakungoja uwanja wala mfadhili.

Msidhani ni wanaume tu. Upande wa pili wa uwanja akina mama wanacheza wavu wa kukaa, na huo uko kwenye Michezo ya Paralimpiki, wakati soka letu halimo. Wanawake wa Rwanda, hapo tu ng'ambo ya Kagera, walifika Paralimpiki ya Rio mwaka 2016 kwa mchezo huo. Kanuni yake kubwa ni kwamba unapougusa mpira makalio yasiachane na sakafu. Wavu wa wanawake unasimama mita 1.05 kutoka chini. Wa kwetu ni kipande cha nyavu kuukuu ya sangara kilichofungwa kwenye nguzo mbili, na sakafu ni turubai lililotandikwa juu ya nyasi, maana mchanga wa ufukweni tuliujaribu ukawagandisha, mtu akikaa hasogei. Nahodha wao ni mama muuza sato aliyekatwa mguu kwa kisukari. Alichomwa na msumari mdogo, na kwa kuwa sukari ilikuwa imeshaua hisia za nyayo hakusikia kitu, akaja kushtukia kidonda kimeoza. Sasa yeye ndiye mwenye sauti kubwa kuliko refa. Nikifungwa bao anapaza sauti kutoka kwenye turubai lake: "Mwanangu, huko golini mnasimama sana, njoo huku tukae tufanye kazi!"

Utaniuliza, serikali je? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unayo ibara ya 30 inayotaja michezo waziwazi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri nayo tunaijua: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mgawo wenyewe ni 4-4-2, na sisi ndio wawili wa mbele, tunangoja pasi. Lakini hiyo ni mikopo ya biashara, sawa kabisa, mtu hawezi kukopa fedha za raba za magongo akazirejesha kwa mabao. Wenye fedha za michezo ni wafanyabiashara wa mji huu, na hao, Mhariri, wanasoma gazeti kama mimi, kwa nyuma. Ukituweka kwenye kurasa za jamii karibu na matangazo ya rambirambi, mfanyabiashara akituona atatuma mchele na sabuni. Tumeshaletewa mchele na sabuni. Tulishukuru, tukagawana, na Jumamosi iliyofuata winga wetu akateleza kwa chuma kitupu na kuteguka kifundo cha mkono.

Na wanaochagua timu ya taifa watajuaje kwamba Mwanza kuna namba 9 anayefunga kila wiki, kama hakuna mahali palipoandikwa kwamba amefunga? Mchezaji wa kawaida wa daraja la chini kabisa ana karatasi ya kuonyesha. Wetu ana picha ya kigutu chake gazetini.

Ninachoomba ni kidogo. Mwandishi wa michezo, yule yule anayekwenda Kirumba na Nyamagana, aje na kwetu mara moja moja. Akae mpaka filimbi ya mwisho. Aulize nani kafunga, dakika ya ngapi, nani kapewa kadi. Akiona tumecheza ovyo aseme tumecheza ovyo. Kocha wetu ameshachoka kuwa mtu pekee anayesema hivyo, na vijana wanamjibu kwamba mbona gazeti limewaita mashujaa. Habari za nani aliachwa na mke zinaweza kungoja, na wengine, nakuambia, hawakuachwa, waliacha wao. Akikosa nafasi ya kuja, tutatuma matokeo kwa simu, nanyi mtupe mistari minne tu chini kabisa, hata kama ni pembeni ya matangazo ya bahati nasibu.

Kwa kuanzia, haya hapa ya Jumamosi iliyopita, marudiano, uwanja wa shule ya msingi hapa Igoma. Mwanza 2, Geita 2. Geita walitangulia dakika ya 6 kwa penalti, mpigaji namba 10, kushoto kwa kipa kama kawaida yake. Namba 9 wetu alisawazisha dakika ya 19 na kuongeza la pili dakika ya 31 kwa mpira wa adhabu. Geita walirudisha dakika ya 48 kwa kona. Kadi ya njano moja, beki wa kushoto wa Mwanza, kwa kuusimamisha mpira kwa gongo makusudi. Anadai haikuwa makusudi. Watazamaji walikuwa wengi kuliko mara iliyopita, wengine wamepanda kwenye mawe. Marudio mengine ni Geita, tarehe ikipangwa nitakuandikia.

Wako msomaji,
Kipa, jezi namba 1
Igoma, Mwanza